Risasi za Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hujaza mwenyewe baruti kwenye maganda ya risasi zake, kwa vibali vyake vyote, na kila Jumamosi ya kiangazi mimi ndiye niliyekwenda kuzikagua. Yeye alikaa kivulini shambani kwake karibu na Gulwe, bunduki ya kuwindia imeegemezwa kwenye viroba vya mchanga juu ya meza. Mimi nilitembea mpaka chini ya kilima, nikatazama matundu kwenye boksi tuliloliweka kuwa shabaha, nikarudi na vumbi mdomoni kumweleza yalikoangukia. Yalikuwa yametawanyika kama uwele uliomwagiwa kuku.

"Baruti imezidi," alisema. Wiki iliyofuata ilikuwa imepungua. Baadaye kosa likawa la maganda, kisha la upepo, na siku moja ambayo hakuna jani lililotikisika, likawa la meza. Nikapigilia meza misumari, moyoni nikitukana.

Asubuhi hiyo ya meza, kabla hajafyatua, aliniagiza nikamwondoe mbuzi aliyesimama kushoto kwa boksi. Hapakuwa na mbuzi. Palikuwa na mfuko mtupu wa saruji.

Tangu hapo sikulala vizuri. Msimu wa kuwinda ulikuwa unakaribia, na porini anayetangulia mbele yake ni mimi. Lakini mkwe atamwambiaje baba mkwe kwamba haoni? Nilimsihi mke wangu amwambie yeye.

"Nikimwambia mimi, atajua nimetumwa na wewe," alinijibu, akaendelea kusonga ugali. Nilikasirika, hasa kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Nikabaki na njia moja. Nikamfuata mshenga wangu, yule yule aliyenipelekea posa, ambaye naye ni mwindaji mwenye leseni. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Alidhani kazi yake kwetu iliisha siku ya harusi.

Jumamosi akaja Gulwe, akatoa shikamoo, akaisifu baruti kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, kisha akaomba ruhusa ya kuijaribu. Alipiga risasi zile zile, kwa bunduki ile ile, kwenye meza ile ile niliyoilaani. Nilipofika kwenye boksi nilikuta matundu yamekaa pamoja, kiganja kimoja kingeyafunika yote. Nilifurahi, halafu nikaogopa. Nililing'oa boksi na kulibeba kurudi nalo polepole sana.

Baba mkwe alilipokea. Hakulitazama. Alipitisha kidole gumba juu yake, tundu moja baada ya jingine, akarudia tena.

"Kumbe baruti yangu haikuwa na kosa," alisema.

"Haikuwa nalo, mzee," mshenga akajibu, akainamisha kichwa.

Baba mkwe akanigeukia. "Na wewe, mkwe, umejua tangu lini?"

Hotuba niliyoiandaa kwa wiki nzima ikayeyuka. "Leo, baba."

Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza kiangazi kile akacheka.

"Mkwe wangu, hata kudanganya unahitaji mshenga." Akalikunja boksi, akaliweka chini ya kiti chake. "Mwaka huu nendeni ninyi wawili. Mimi mtaniletea nyama."