Ubatizo Mmoja wa Noella

Noella Havyarimana, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Uvira, alikuwa na mdomo usiopumzika. Alizaliwa Kiringye katika nyumba ya Wakatoliki, akaja mjini, akanogewa na mahubiri ya Wapresbiteri, na tangu aanze darasa lao la katekisimu, Pasta Sévère alikiona cha moto.

"Pasta, kama Mungu alishachagua watu bake mbele ya kuumba dunia, minye nahangaikia nini?"

"Asingekuchagua, mama, haungehangaika."

Noella alicheka hadi machozi. Alivyoyapenda mambo hayo! Imani ya Nikea, maungamo ya wazee wa Scotland, yote aliyameza kama ugali wa moto.

Kuuliza si ujinga, ila kulikuwa na swali moja ambalo hakuthubutu kuuliza. Mtaani kwake, kila Mkatoliki aliyehamia kwa Waprotestanti alizamishwa ziwani upya, naye aliamini zamu yake inakuja. Mama yake, Marie-Rose, alishamwambia wazi: "Bakikubatiza tena, weye hauko tena mutoto wangu." Noella alimpenda mama yake, na neno hilo lilimkata maini.

Jumapili ya kupokelewa ikafika. Marie-Rose alitoka Kiringye alfajiri, akaketi benchi la mwisho, mikono kifuani, tayari kuondoka na kutorudi. Noella akaingia chumba cha wazee wa kanisa na begi lake.

"Begi ya nini?" aliuliza Mzee Jean-Berchmans.

"Nguo za kubadilisha, mzee, nikishazamishwa."

Wazee wakaangua kicheko. Jean-Berchmans akauliza tena: "Padri alikubatiza kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mutakatifu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi ilishaisha. Si weye mwenyewe unasemaka mu Imani ya Nikea, ubatizo ni moja? Siye hatubatizake mutu mara mbili."

Noella akaruka, begi likaanguka. Jamani! Miezi yote hiyo analia peke yake, na jibu analo mdomoni! Alitaka kukimbia akamwambie mama, lakini ibada ilishaanza, akapelekwa moja kwa moja mbele. Kule nyuma, Marie-Rose aliona mwanawe anaitwa, akadhani ndiyo anakwenda kubatizwa tena, akainuka aende zake.

Pasta akamwambia Noella aungame Imani ya Nikea. Akaanza kwa sauti ileile ya kuitia wateja, na kanisa zima likamfuata. Marie-Rose, mguu mmoja nje ya mlango, akasita. Maneno hayo aliyajua. Ilikuwa Nasadiki yake ya misa ya kila Jumapili! Midomo ikaanza kuyafuata. Walipofika "kanisa moja, takatifu," wote wakasema "la ulimwengu wote," na sauti moja ya mlangoni ikapaa peke yake: "Katoliki!"

Watu wakageuka. Pasta alitabasamu, akaendelea. Noella akamwona mama yake anakuja katikati ya mabenchi, kitenge kinaburuta, haachi hata neno moja. Akamfikia, akamkamata mkono, na ubatizo mmoja wakauungama pamoja, Marie-Rose kwa sauti kubwa kuliko kanisa zima.