Neno Moja Chini ya Habari ya Mvua

Zilpah alifika kwangu Khayega asubuhi, matope yamempanda hadi magotini. Hakutaka kuketi.

"Mulamwa, wiki ya pili sasa inanyesha. Mahindi ya majirani yametoka. Yangu iko kwa gunia."

Zilpah ni dada ya marehemu mume wangu, Weldon; mulamwa kwetu ni wifi. Ameolewa Malava, analima ekari moja, na tangu tumzike kaka yake hafanyi jambo bila kuniuliza.

"Nani alikuambia usipande?"

"Si wewe?"

Akanifungulia simu. Katika kundi la akina mama wa ukoo alikuwa ametuma habari ndefu: tabianchi imebadilika, mvua itachelewa sana, wakulima wasubiri. Chini yake nilikuwa nimeandika neno moja: "Nimehakiki."

Nilifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Hadi leo hakipiti kitu kwenye kundi hilo bila mtu kuuliza, "Mwalimu, hii ni kweli?" Siku ile nilikuwa nimetoka kwenye matanga, miguu imevimba. Nilisoma mstari wa kwanza nikatia neno langu, kama mwalimu aliyechoka anavyotia alama ya vema kwenye daftari.

Sasa nilivaa miwani nikasoma mpaka mwisho. Nikakuta Lilongwe. Nikakuta tarehe ya mwaka juzi.

"Uliitafuta vipi?"

"Mimi siandikanga, nasemanga tu." Akaisogeza simu mdomoni, akaitamka Malava kwa lafudhi yetu. "Mvua ya Marava!"

Kioo kikaandika: mvua ya Malawi.

Zilpah alicheka hadi akashika ukuta. "Kumbe nimengojanga mvua ya wenyewe!" Kisha akaongeza: "Priscah na wengine wawili wa kundi pia walingoja. Walisema bibi ya Weldon hawezi kudanganya."

Hilo ndilo lililonikalisha chini. Jina la Weldon halijawahi kutajwa kwa ubaya, na mimi ndiye niliyeachiwa nilitunze.

Nilimwonyesha pa kutazama kwanza: nani ameandika, lini, kuhusu wapi. Tukafungua ukurasa wa idara ya hali ya hewa. Utabiri wa kaunti yetu ulikuwa umewekwa hapo tangu Februari, wazi kabisa, ukisema mvua itaanza kwa wakati. Ningetafuta dakika tano tu, ningeupata.

Nikaanza kuandika kwenye kundi.

"Sema simu ilikosea," Zilpah akanong'ona. "Ni jina la kaka yangu."

"Simu haikuandika 'nimehakiki'."

Nikaandika: "Sikuhakiki. Habari ile ni ya Malawi, ya mwaka juzi, nami sikuisoma. Msingoje tena. Tafuteni mbegu inayokomaa upesi, mpande wiki hii. Mnisamehe."

Zilpah akaketi hatimaye. Kisha Priscah akajibu:

"Asante Mwalimu. Na hii ya leo, umehakiki?"

Nikaifuta miwani, nikaufungua tena ule ukurasa wa kaunti, nikaanza kuusoma toka juu.