Kunguru na soksi yangu

Nimejifungia ndani mchana huu, na wanaonivizia nje ni kunguru.

Ngojeni niwaeleze.

Asubuhi Shangazi kaanika juani samaki wa ng'onda wa kupeleka harusini kule Ganda leo. Akaniachia niwalinde.

Nyie mnawajua kunguru wa Malindi! Nimepiga kelele, wapi. Nikasimamisha ufagio nikauvisha kanzu yangu. Kunguru akaja akatua begani mwa kanzu, awachague samaki vizuri.

Nikakaa nikawaza. Hivi kunguru mwenyewe anaogopa nini?

Nikachukua soksi nyeusi, nikaijaza matambara, nikaichomeka manyoya niliyookota uani, nikaining'iniza kichwa chini.

Maiti ya kunguru!

Jamani. Akaja mmoja, akalia. Wakaja wote. Mwarobaini mzima wa uani ukawa mweusi, kelele mpaka jirani akachungulia: "Kwani kuna msiba?"

Lakini samaki hakuguswa hata mmoja!

Kwa furaha nikaishika ile soksi nikaipunga juu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Wote wakanyamaza, wakanitazama mimi, kama muuaji wa mwenzao.

Tangu hapo nikitoka tu, nadonolewa kichwa. Shangazi anapita zake salama, hawana neno naye. Ina maana kunguru hushika sura ya mtu? Anayejua aniambie, nataka kujua kweli.

Nimemwita Shangazi dirishani anisaidie. Kacheka mpaka kakaa chini.

"Si umewaza vizuri, mwanangu? Basi waza tena. Gari linaondoka saa kumi."

Na kanzu ya kuvaa harusini bado imevaliwa na ufagio, huko nje.