Macho ya Kompyuta ya Mjomba

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi tena. Nimefungua redio nikakuta panya kazalia humo, watoto sita, wamelala juu ya spika kama wako kwao. Nimeletewa televisheni iliyonyweshwa uji, na mwenyewe akaapa mbele yangu kwamba ni mvua. Nina maduka mawili ya ufundi Changamwe, la tatu nalifungua Shanzu, na cheti cha shule sina hata kimoja. Wewe simama pale njia ya matangi ya mafuta, uliza Kahindi fundi ni nani, utaletwa mpaka mlangoni kwangu bila kulipa. Kwa hiyo nikikwambia wiki jana nilishikwa na kitu nikaketi kitako mbele ya mteja, jua halikuwa jambo dogo.

Ilikuwa harufu tu. Msichana wa chuo aliniletea kompyuta ya mezani, nzee, ya marehemu babake, anataka niitie kadi ya picha. Kadi ilikuwa ya mtumba na meno yake ya shaba yameshika ukungu wa kijani, maana chumvi yetu hii ya pwani hula hata msumari ulio ndani ya kabati. Nikachukua raba ya kufutia, ile ya waridi ya watoto wa shule, nikaanza kuyasugua meno taratibu. Ikapanda ile harufu: mpira uliopata moto, shaba, na utamu fulani wa mbali kama peremende iliyosahaulika mfukoni. Sikuwa dukani tena. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimepiga magoti sebuleni kwa Mjomba, Frere Town, kule Kisauni.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Kompyuta huzaliwa na macho yake, madogo, yanatosha kuandikia barua. Ukitaka magari yakimbie na wachezaji wapige mpira kwenye kioo, yale macho hayawezi. Lazima uitie mengine makubwa, na hayo ndiyo kadi ya picha. Unafungua ubavu, unaikandamiza kadi kwenye mfereji wake, unafunga. Leo naifanya huku nazungumza na simu.

Zama hizo kompyuta nyumbani ilikuwa habari. Mjomba Katana alikuwa karani bandarini, mtu wa tai siku zote na kalamu tatu mfukoni, na ofisini kwao walipobadilisha mashine, za zamani wakauziwa wafanyakazi. Yeye akaileta moja kwa mkokoteni, mchana kweupe, polepole, ili mtaa wote uone. Akaiweka sebuleni chini ya picha yake ya harusi, na mkaza mjomba akaifumia kitambaa cheupe chenye vishada vya maua. Mgeni akiingia, Mjomba hukiinua kitambaa kidogo kwa vidole viwili, kama anayeonyesha uso wa bibi harusi, kisha hukirudisha.

Mimi nilikuwa nakaa hapo kwa ajili ya shule. Mamangu alikuwa kibarua kiwandani Changamwe, akiishi chumba kimoja na bibi yangu, mamake yeye na Mjomba. Karo yangu alilipa Mjomba. Nikikosea, narudi Changamwe na shule imekwisha. Hilo nililijua kama nilivyolijua jina langu.

Sasa, Mjomba alikuwa na mwana, Beni, rika langu, mwenye akili za darasani na ulimi wa pilipili. Akapata diski ya mchezo wa mpira kwa rafikiye. Kompyuta ikaikataa. Beni akasoma yale maandishi ya Kizungu, akasema inataka kadi ya picha, na kadi hutiwa na fundi wa mjini.

"Nitaitia mimi," nikasema. Hata sijui lilitoka wapi.

Beni akacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Darasa la sita umelikalia miaka miwili kama kuku anayeatamia, leo ufungue kompyuta?"

Ndugu yangu msomaji, mimi sijawahi kusahau kicheko. Deni naweza kusahau, kicheko siwezi. Na wiki ile ilikuwa ya pekee: Jumapili walikuwa waje wazee wa posa, kumposa Dama, dadake Beni. Nikajipangia moyoni kwamba wazee wataingia, kitambaa kitainuliwa, na wachezaji watakuwa wanakimbia kwenye majani mabichi, na Mjomba atauliza, "Nani kafanya haya?"

Jumamosi asubuhi nikaenda Changamwe kwa Hawe. Hawe ndivyo tunavyomwita bibi Kigiriama. Alikuwa akiuza ugoro, amekaa juu ya debe penye foleni ya malori, mbele yake kopo na vijikaratasi vilivyosokotwa, na madereva wazima wakimwamkia shikamoo kabla ya kupiga chafya. Na kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kiume ndiye mumewe. Aliponiona tu akaanza.

"Ndiyo huyu mume wangu! Mwezi mzima hukuonekana, na kitoweo hukuleta. Umeoa mke mdogo huko Kisauni?"

"Hawe, nataka elfu moja na mia nane."

"Ya nini?"

"Kompyuta ya Mjomba haioni vizuri. Nataka kuinunulia macho."

Akanitazama muda mrefu, kidole kimoja kimeganda puani na ugoro wake. "Mwanangu mimi ana kipofu nyumbani na hakuniambia?" Kisha akaingia chumbani, akarudi na fundo la leso. Alilifungua kwa meno. Zilikuwa noti zimekunjwa ndogo ndogo, zinanuka tumbaku, na hakuuliza tena swali. Alisema tu, "Usiyanunue makengeza."

Kadi nikaipata kwa muuza mitumba ya umeme, na ni yeye aliyeniambia niisugue meno kwa raba. Raba nikainunua shilingi tano. Saa nane mchana, Mjomba yuko kikao cha kanisa na mkaza mjomba sokoni, nikafungua ubavu wa ile mashine kwa kisu cha jikoni. Vumbi lake lilikuwa laini kama unga wa muhogo. Nikasugua, nikapuliza, nikaikandamiza kadi mpaka ikalia *ta!* Nikafunga. Beni akabonyeza kitufe.

Feni ikavuma. Taa ndogo ikawaka kijani. Kioo kikabaki cheusi.

Tukazima, tukawasha. Cheusi. Nikaipiga kichwani kama redio. Cheusi kama chungu.

"Umeiua," Beni akasema, na safari hii hakucheka. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Mjomba aliporudi, Beni akamwambia imekufa, wala hakupiga kelele. Alisimama mbele ya mashine, akaizunguka nusu, mikono nyuma, kisha akaifunika kitambaa. "Asiiguse mtu," akasema. Hakuita fundi. Hakuuliza nilifanya nini.

Jumapili wazee wa posa wakaja, wakala pilau, wakasema yaliyowaleta. Mmoja wao, mzee mwembamba aliyejua kila kitu, akakinyooshea bakora kile kitambaa. "Na hii bwana, hebu iwashe basi na sisi tuone dunia."

Nilikuwa mlangoni na birika la maji ya kunawa.

"Leo umeme ni mdogo," Mjomba akasema. "Ukiiwasha kwa umeme mdogo inaungua."

Wakati huo juu ya kichwa chake taa inawaka kama jua, na feni ya dari inapeperusha ndevu za wazee.

Magharibi haijaingia nikawa na mfuko wangu mkononi. "Kahindi," Mjomba aliniambia barazani, akitazama barabara, "nyumba yangu si karakana. Nenda kakae na mamako." Karo ikaishia hapo. Shule ikaishia hapo. Sikulia. Wallahi sikulia, japo Mwislamu mimi si. Kiapo hiki nilijifunza kwa fundi wangu, nanyi mtamwona sasa hivi.

Hawe aliponiona na mfuko hakuuliza habari ya pesa zake. Alisema neno moja tu: "Mficha uchi hazai." Nilinuna siku mbili nikidhani ananisema mimi.

Lakini mimi si mtu wa kununa siku ya tatu. Nilijua moyoni sikuua kitu. Kitu nilichosugua vile, nikakipuliza vile, kife? Jumatano nikaenda kwa Fundi Athumani, aliyekuwa na kibanda cha redio na televisheni karibu na stendi ya malori na ndiyo kwanza kaanza kupokea kompyuta. Nikamwambia nataka kazi, mshahara sitaki. Akaniuliza najua nini. Nikamwambia, "Najua kusugua kadi kwa raba." Akacheka, lakini si kicheko cha Beni. Akanipa ufagio.

Mamangu alisema nitarudi shule pesa zikipatikana. Watoto wa mtaa walinipita asubuhi na sare zao, wakiniita fundi ufagio. Nami nikawajibu: leteni redio za baba zenu. Miezi minane nilifagia, nikashika tochi, nikajua transista na fyuzi, nikajua harufu ya kila kitu kinapoungua. Kila jioni nilijiuliza lile moja: pale nilikosea wapi?

Siku moja akaja bwana wa duka la vifaa vya ujenzi na kompyuta yake. Imetiwa kadi ya picha jana, anasema, na leo imekufa. Feni inavuma, taa kijani, kioo cheusi. Mimi nikaisogeza tochi karibu.

Fundi Athumani hakuifungua hata. Akaizungusha, akaupapasa mgongo wake, akauchomoa waya wa kioo kutoka tundu la juu akauchomeka tundu la chini. Kioo kikawaka.

"Mia tatu," akamwambia yule bwana. Kisha akanigeukia. "Ukiitia macho mapya, mwanangu, yale ya zamani hufumba. Waya ufuate macho mapya. Wallahi watu wengi huuacha pale pale pa zamani, kisha huwalilia maiti walio hai. Nawe wakaliani chini? Wauma tumbo?"

Nilikuwa sakafuni.

Siku ile ile nikaomba ruhusa, nikaenda Frere Town. Mjomba alikuwa sebuleni na gazeti, peke yake. Beni keshapelekwa shule ya bweni bara. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha kiti. Sikukaa. Nikaenda moja kwa moja kwenye kitambaa. Kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi, maua yamesimama wima, na chini yake kompyuta iko vile vile nilivyoiacha. Miezi minane! Wageni wangapi walipita hapo, wakainuliwa kitambaa wakaona, wakasifu, wakaenda zao. Kwa kazi aliyoinunulia Mjomba, hai au maiti ilikuwa mamoja.

Nikahamisha waya. Nikabonyeza.

Kioo kikawaka buluu, sebule nzima ikapata rangi ya bahari. Nilisimama kando yake kifua mbele, nikingoja. Nilikuwa nimelitayarisha jibu kwa lolote atakalosema.

Mjomba akakunja gazeti mara mbili, mara tatu. "Kumbe umeme umerudi," akasema.

"Mjomba, umeme haukwenda popote."

Akaliweka gazeti kando. Kisha akasema, "Jumatatu urudi shule. Nitalipa."

"Nina kazi, Mjomba."

Ndivyo nilivyomjibu, kwa adabu, nikimtazama usoni, na sijapata kujuta. Tuseme sijapata kujuta sana. Barua ya Kizungu kutoka kwa mawakili wa mwenye jengo huko Shanzu hunisomea binti yangu, nami hutikisa kichwa kama niliyekwisha kujua.

Nilipokuwa mlangoni akaniita. Alikuwa amesimama mbele ya kioo, mikono nyuma, kama siku ile. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na kuizima je? Wazimaje?"

Nilidhani ananipima. Nikarudi nikamwonyesha, bonyeza hapa, ngoja, kisha hapa, kwa maringo, maneno makubwa ya Fundi Athumani yote nikayamwaga. Akafuata kwa kidole chake kilekile cha kuinulia kitambaa. Akaomba nimwonyeshe tena.

Nilipata watoto wangu ndipo nikafahamu. Mjomba hakujua kuiwasha wala kuizima. Beni ndiye aliyemfanyia. Siku ile ya kioo cheusi hakuweza kujua imekufa au imelala, na kumwita fundi kungetaka aseme hajui. Ilikuwa rahisi kumrudisha mtoto Changamwe. Maneno ya Hawe, mficha uchi hazai, hayakuwa yangu. Alikuwa anamsema mwanawe, akiwa amekaa juu ya debe lake, bila kuambiwa hata kilichotokea.

Na bado simwombi mtu msamaha. Sikuua kitu. Nilisema nitaitia kadi nikaitia, na iliona.

Fundo la leso nilikwenda kumlipa Hawe kwa mshahara wangu wa kwanza. Alizihesabu noti, akazinusa, akazibakisha mkononi mwake. "Hazinuki tumbaku," akasema, "lakini nitazipokea. Mume mzuri hulipa."

Siku hizi vijana huja dukani na vyeti vyao kwenye bahasha, wananitajia chuo kilikula milioni ngapi za baba zao, kisha huniuliza mimi nilisomea wapi na kwa kiasi gani. Nami huwajibu bila kupepesa. Kadi, elfu moja na mia nane. Nauli ya kwenda kuifufua na kurudi, arobaini. Raba, tano. Elimu yangu yote, kwanza mpaka mwisho: shilingi elfu moja mia nane arobaini na tano.