Mkono Uliopenda Kumi

Kazini tulimwita Mama Rula, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa muuguzi wa miaka hamsini na mitatu, mwembamba, mwepesi wa kucheka, ila ukichelewa kazini dakika tano utaisikia habari hiyo wiki nzima. Katika utafiti wa taifa wa kifua kikuu tulipangwa pamoja. Mimi nilikuwa mchoma sindano na mwandishi wa daftari, yeye msomaji wa majibu.

Jumatatu nilichoma. Sindano nyembamba ya dawa ya kupimia, juu juu ndani ya ngozi ya mkono wa kushoto, mpaka patokee kijivimbe kama umeng'atwa na mbu. Alhamisi tulirudi nyumba zilezile, na hapo ndipo Mama Rula alipochukua usukani. Wekundu wa ngozi hakuujali. Alifumba macho, akapapasa kwa kidole mpaka pale ugumu wa uvimbe unapoishia, akatia alama ya kalamu huku na huku, kisha akaweka rula yake ya plastiki. Uvimbe wa milimita kumi kwenda juu, mtu alihesabiwa kuwa vijidudu vya kifua kikuu vimeingia mwilini mwake. Tisa kushuka chini, hakuhesabiwa. Mtu wa kumi na zaidi aliambiwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya kubembeleza:

"Usishtuke. Kuwa navyo si kuumwa. Vimelala tu. Humwambukizi mtu, na wengi wanazeeka navyo wala havijawahi kuamka. Nenda kapigwe picha ya kifua tuhakikishe, basi."

Tulipomaliza mitaa ishirini na mbili ya kwanza, zaidi ya mikono elfu mbili, tukaitwa makao makuu. Mama Rula alivaa viatu vyake vya harusini. Aliamini tunakwenda kupewa cheti.

Mtakwimu wa utafiti alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa pili, mpole, mwenye mafua siku hiyo. Alitukalisha mbele ya kompyuta, akatuonyesha mchoro wa nguzo nguzo.

"Mama, hii ni mikono yote uliyosoma. Kila nguzo ni ukubwa mmoja wa uvimbe. Milimita tisa ni watu kumi na mmoja. Kumi na moja ni watu kumi na wanne." Akasita, akapenga kamasi. "Kumi kamili ni watu mia mbili na watatu."

Nguzo ya kumi ilisimama peke yake kama mnara wa simu. Mbele kidogo palikuwa na mwingine, wa kumi na tano. Katikati yao, nguzo fupi kama vichaka.

"Si ndivyo walivyokuwa?" Mama Rula akauliza.

"Uvimbe wa mtu haujui rula, mama. Kama wenye kumi ni mia mbili, wa tisa nao wangekaribia mia mbili. Mkono wako unapenda kumi, na unapenda kumi na tano."

Nilimwona rafiki yangu akibadilika rangi. Miaka ishirini na sita ya uuguzi, hata barua moja ya onyo hajawahi kupata.

"Unaniita mwongo, mwanangu?"

"Hapana, mama. Mwongo angetengeneza namba nzuri kuliko hizi. Wewe ulikuwa unaona tisa na nusu, au hata nane, jicho likakuvuta kwenye mstari mrefu wa rula. Karibu kila msomaji ana hali hii, ila yako imezidi. Na kumi ndio mpaka wetu. Kila mtu mmoja uliyempima anasimama badala ya watu elfu tisa ambao hatukuwafikia. Ukivusha mia moja mpaka huo bila kujua, umevusha watu laki tisa. Kwa hesabu tulizonazo sasa, mtu mzima mmoja kati ya watatu nchini ana vijidudu. Sidhani kama ni kweli."

Mama Rula aliangalia mkono wake wa kulia, akaupindua, akauangalia tena, kana kwamba ameuazima. Ngazi alishuka akishika ukuta.

Mumewe ni fundi cherehani, mtu wa utani mwingi. Alinisimulia baadaye kwamba mkewe aliingia ndani na viatu, jambo ambalo hajalifanya tangu waoane, akakaa kwenye kiti cha wateja. Aliposikia kisa chote, fundi akajaribu kumchekesha: "Mke wangu, mimi kiuno cha thelathini na tatu na robo sijakishona tangu nizaliwe. Naandika thelathini na nne, mteja anafurahi." Hakucheka. Alimjibu, "Suruali ikimpwaya mtu anakurudishia. Mimi nani alinirudishia?"

Wiki iliyofuata tukarudishwa darasani. Rula zilikusanywa. Tukapewa kifaa cha kupimia chenye meno mawili kama mdomo wa ndege, ambacho namba zake zimefunikwa. Msomaji anabana uvimbe, haoni chochote. Anampa mwenzake, huyo ndiye anayefunua na kuandika. Na ili kuwe na mikono ya kufanyia mazoezi, tukachomana sisi kwa sisi.

Siku tatu baadaye nikawa mimi wa kumsoma Mama Rula. Kidole changu kiligusa ugumu kabla hata sijaanza kupapasa. Nikabana, nikampa jirani yangu kifaa. Akafunua, akanigeuzia nione. Kumi na saba.

"Semeni basi," Mama Rula akasema. "Mbona mmekuwa kama wafiwa?"

Nikamwambia. Nikaendelea na maneno ninayoyajua kwa moyo, kwa kuwa ni yake: usishtuke, kuwa navyo si kuumwa, vimelala tu. Alikuwa ananitazama mdomoni. Nilipomaliza akauliza, "Umesema nini?" Sikuamini masikio yangu. Sentensi aliyoisema mara mia kadhaa, ilipogeuzwa kumwelekea yeye, hakusikia hata neno moja.

Picha yake ya kifua ilitoka safi. Akaandikiwa dawa za kinga za miezi mitatu. Lakini kuanzia siku ile alianza kuniuliza swali moja: "Hivi wale tuliowaambia, walisikia nini?"

Jibu tulilipata mapema kuliko tulivyotaka. Mtakwimu alitoa orodha ya watoto wa chini ya miaka mitano ambao daftari letu liliwaandikia kumi kamili. Walikuwa kumi na tisa. Hao ilibidi wapimwe upya, safari hii kwa kipimo cha damu ambacho hakitegemei jicho la mtu. Nyumba ya sita katika orodha ilikuwa ya mtoto wa kike wa miaka mitatu, anaishi na baba yake fundi umeme, mama yake mwoka mikate, na bibi yake mzaa baba.

Bibi ndiye aliyetupokea barazani. Alikuwa ananyoosha shuka kwa pasi ya mkaa, mikono mirefu ya gauni lake imefungwa vifungo mpaka kwenye vifundo vya mikono. Tulipomtaja mjukuu, akaiacha pasi juu ya shuka.

"Hayupo. Wala mama yake hayupo. Tuliwaondoa."

"Mliwaondoa?" Mama Rula akauliza.

"Si nyie wenyewe mlisema mtoto ana kifua kikuu? Hapa barazani, wote tukisikia. Katika ukoo wetu ugonjwa huo haujawahi kuingia. Mtoto kautoa wapi kama si kwa mamaye? Nikamwambia mwanangu, ama zake ama zangu. Miezi minne sasa wapo kwa dada wa huyo mama."

Nikaangalia daftari. Ukurasa wa nyumba ile ulikuwa wazi mbele yangu, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Baba, hana. Mama wa mtoto, milimita tatu, hana. Mtoto, kumi. Na mstari wa mwisho, bibi: kumi na sita.

Kumi na sita si namba ambayo mkono wa Mama Rula uliipenda. Kama aliiandikisha, basi ilikuwepo. Nikakumbuka vizuri tulivyomwita bibi huyu chumbani peke yake siku ile, kwa kuwa mtu mzima huambiwa majibu yake kwa siri, na alivyotikisa kichwa akasema ameelewa. Ya mtoto tuliyasema barazani kwa sababu mama yake ndiye aliyeuliza akiwa pale. Kumbe bibi alijua. Miezi yote minne alijua, akamfukuza mkwe asiye na hata chembe.

Mama Rula aliusoma ukurasa juu ya bega langu. Nilimsikia akivuta pumzi, nikamkanyaga mguu. Kiapo ni kiapo; siri ya mkono wa mtu haitolewi, hata mtu mwenyewe akiwa mkatili kiasi gani. Na wakati huohuo fundi umeme alikuwa ametokea mlangoni na bisibisi mkononi, anasikiliza.

Basi Mama Rula akafanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Akakunja mkono wa kushoto wa blauzi yake mpaka juu. Alama ya kahawia ilikuwa bado ipo.

"Mama, hiki ni changu. Kumi na saba. Kikubwa kuliko cha mjukuu wako."

Bibi akarudi nyuma hatua moja.

"Naishi na mume wangu. Nihame kwangu?"

"Unalala naye chumba kimoja?" bibi akauliza polepole.

"Kitanda kimoja."

"Na chakula?"

"Akinikuta na njaa, sahani moja. Mama, waliolala na vijidudu hawamwambukizi mtu. Anayeambukiza ni anayeumwa, anayekohoa. Na wenye vilivyolala ni wengi, wamo katika kila mtaa niliopita, wengine wanaswali, wengine wanafundisha shule, wengine wananyoosha nguo zao barazani. Nikisema wote wahame, nani atabaki kufunga milango?"

Bibi aliinama. Mkono wake wa kulia ulikwenda ukashika ule wa kushoto, juu ya kitambaa, mahali palepale nilipochoma. Shuka likaanza kutoa moshi chini ya pasi, mwanawe akakimbia kuinyanyua.

"Nilidhani..." bibi akasema.

"Na lingine," Mama Rula akasema, sasa anamgeukia fundi umeme. "Ile kumi ya mwanao siijui. Huenda ni tisa, huenda ni nane. Niliiona vibaya. Nimekuja ili apimwe tena."

Yule kijana aliitia bisibisi mfukoni. Akaitazama pasi, akamtazama mama yake, akatoka nje bila viatu na kutuonyesha njia.

Mwoka mikate tulimkuta kwa dada yake, unga mpaka kwenye nyusi. Alikuwa analala sakafuni na mwanawe, miguu chini ya meza ya kukandia. Tulimtoa mtoto damu. Majibu yalipokuja siku nne baadaye, hakuwa na kitu. Mama Rula alitaka ayapeleke mwenyewe, na mimi nikamsindikiza tukidhani tunapeleka furaha.

Mwanamke yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hata hamkujua?"

"Hatukujua," Mama Rula akajibu.

"Nimelala chini miezi minne, mume wangu ananitembelea kama mgeni, kwa sababu ya jicho lako na mstari wa rula?"

"Ndiyo."

Nilisubiri aeleze: kwamba wasomaji wengi wana kasoro hiyo, kwamba hata ingekuwa kumi ya kweli mtoto asingestahili kufukuzwa. Yote hayo ni sahihi, na hakusema hata moja. Alisimama pale akapokea. Mwoka mikate hakumtukana. Alirudi kwenye unga wake na kuukanda kwa nguvu mpaka meza ikagonga ukuta. Kwa mama mkwe hakurudi tena. Mumewe ndiye aliyehama, na kabati lao likabebwa kwa mkokoteni mchana kweupe. Bibi, nimesikia, alikwenda kliniki mwenyewe kupigwa picha ya kifua. Zaidi ya hapo si langu kusema.

Mitaa iliyobaki tuliisoma kwa kile kifaa kisichoonyesha namba, na mtakwimu akapata njia ya kunyoosha hesabu za zamani. Namba ya taifa ilipotangazwa ikawa mtu mzima mmoja kati ya wanne. Ukumbini walipiga makofi. Mama Rula hakupiga. Alikwenda moja kwa moja kwa mtakwimu.

"Tumewahesabu. Nani amerudi kuwauliza kilichowapata baada ya kuwaambia?"

"Hilo halimo kwenye dodoso, mama."

"Litie."

Ikachukua barua tatu, lakini likatiwa. Tukarudi kwenye nyumba mia moja za watu tuliowaambia wanavyo, na safari hii tukamuuliza kila mmoja faraghani: tangu siku ile, unalala wapi, unakula na nani? Tulitegemea visa viwili, vitatu. Ishirini na saba walikuwa wametengewa vyombo. Tisa walikuwa wamehama, mmoja wao analala kwenye banda la kuku. Kila jioni tulipofunga daftari Mama Rula aliniambia, "Soma tena." Nami nikamsomea tena, naye akasikiliza ameshika kichwa kwa mikono miwili.