Namba Aliyoifunga Nives

Nives Burelli alikaa dirishani katika posta ya mji wetu wa Maniago miaka thelathini na tisa. Ukimuuliza kazi ile ilimfundisha nini, atakujibu bila kufikiri: jambo la maana huandikwa, hutiwa sahihi, kisha hutumwa kwa rejista. Marehemu mumewe alipoacha kazi kwenye kiwanda cha visu, barua aliiandika Nives. Jarida la parokia lilipokosea tarehe ya msiba wa baba yake, lilipelekewa rejista. Majirani tulimtania kwamba hata siku Mungu akimwita, atadai kwanza wito huo uje na kadi ya kusaini.

Nawaambieni haya mapema, jamaa zangu, ili msije mkamlaumu kupita kiasi.

Sebuleni kwake, juu ya kitambaa cha kufuma, kuna simu ya mezani. Laini iliingia nyumba ile mwaka 1967. Miaka miwili baadaye dada yake mkubwa, Dorina, aliolewa Argentina, huko Colonia Caroya, ambako makaburi yamejaa majina ya kwetu. Tangu wakati huo Dorina humpigia kila Jumapili alasiri. Nives hukaa pale na kahawa yake, na ole wako ugonge mlango saa hiyo.

Miaka mitatu iliyopita kumbukumbu zilianza kumtoka Dorina. Lilianza kupotea jina la mkwewe, ikafuata njia ya kanisani. Namba ya simu ya nyumbani kwao ilibaki. Aliiimba tarakimu moja moja huku kidole kikibonyeza. Na hili mlishike: akipigiwa yeye, aliogopa, akakata bila kusema neno. Ilikuwa lazima apige mwenyewe, ndipo ajue anaongea na nani. Binti yake Graciela alishajaribu njia nyingine zote.

Basi, masika ya mwaka jana, bili ya simu ikapanda tena, na Nives akaenda kwa Loris. Huyu Loris aliuza visu miaka ishirini kabla ya kuuza laini za simu, na kila kitu hukieleza polepole. Alimwambia kwamba waya unaoingia nyumbani ni kitu kimoja na kampuni inayobeba mazungumzo ni kitu kingine. Ukihama kampuni, namba unahama nayo. Kwenye bili kuna msimbo mrefu, Nives ampe huo tu, mengine watamalizana kampuni kwa kampuni.

Nives alimpa msimbo, akarudi, akaniambia kwenye ngazi kwamba Loris ni mtu mwema ila hana adabu. Umekaa na watu miaka hamsini, halafu waje kusikia kwa mgeni kwamba unaondoka? Akawaandikia kampuni ya zamani. Barua ya heshima, ya rejista, akiwashukuru na kuwaomba wafunge laini yake. Kadi ikarudi na sahihi, akaiweka kwenye droo, roho yake nyeupe.

Alhamisi moja akainua mkono wa simu. Kimya. Akadhani ndiyo kule kuhama. Jumapili kahawa ikapoa mezani. Jumatatu asubuhi alinishika mkono tukaenda dukani.

Loris aliangalia kompyuta yake, akaangalia tena, kisha akavua miwani.

"Mama, hii laini imefungwa. Ni ombi la mwenyewe, kwa maandishi."

"Ndiyo. Niliwaaga."

"Uliwaaga. Nilitaka kuihamisha ikiwa hai, mama. Wao wameifunga kabla sijaifikia. Namba si yako tena. Si ya mtu yeyote."

"Nina kadi yao. Wamesaini."

"Hiyo kadi ndiyo ushahidi kwamba ulitaka."

Nives alishika ukingo wa meza ya Loris kama mtu aliyesimama kwenye ngazi akakuta kipago hakipo. Loris akasema atawaomba waifungue tena. Hakuahidi.

Tulipofika nyumbani simu yangu ya mkononi ikaita. Alikuwa Graciela. Nikamkabidhi Nives, sauti ikiwa wazi.

"Mama mdogo, jana mama alipiga. Ilipokea ile sauti ya mashine, kwamba namba haipo. Sikufika kwa wakati kumzuia. Aliongea nayo."

"Aliongea nayo nini?"

"Alikupa habari za mizabibu. Akakuuliza kama umekula. Halafu akaweka simu akalia. Anasema umemkasirikia, kwamba unarudia neno lilelile na humtaki."

Nives akakaa kwenye kiti cha simu, koti bado mwilini. Hakulia. Graciela aliita mara mbili, "Mama mdogo, upo?"

Loris alihangaika wiki mbili. Jibu lilikuja kwa barua ya kawaida, isiyo ya rejista: namba haiwezi kurudishwa. Nives aliisoma amesimama, akaisoma tena. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutafuta karatasi. Aliniomba simu.

Walipanga na Graciela hivi. Jumapili Graciela angechomoa waya ukutani bila mama yake kuona. Dorina angepiga kama kawaida, tarakimu zote, kwenye simu iliyokufa. Nives angekuwa tayari hewani kwenye simu ya mkononi ya Graciela, iliyofichwa nyuma ya chombo cha maua, sauti ikiwa wazi.

Nilikuwepo. Tulimsikia Dorina akiimba namba kwa mbali, moja moja, hadi ya mwisho.

"Haloo," akasema Nives.

"Nives? Umekula?"

"Nimekula, dada. Ugali wa polenta."

Wakaongea mizabibu. Wakaongea marehemu baba kana kwamba yuko karakana. Kisha Dorina akasema kwa sauti ndogo, "Siku ile ulinifukuza. Ukaniambia hakuna mtu hapo."

Nilimtazama Nives. Angeweza kusema ni mashine. Ilikuwa kweli, naye mtu wa ushahidi.

"Ni mimi niliyesema," akajibu. "Nilikosa, dada. Nisamehe."