Mpunga Uliolala Chumbani

Kwa miaka mingi mpunga wa Emerensiana ulikuwa na mwenyewe hata kabla haujachanua. Majaruba yake yako bondeni, chini ya nyumba za Mshangano, na mbolea alikuwa akiletewa na Daimu, mtu wa Tunduru mwenye mashine ya kukoboa. Daimu alileta mbolea wakati wa kupanda. Wakati wa kuvuna alileta magunia matupu, akaondoka nayo yamejaa. Kilichobaki kilitosha kula tu. Baada ya hapo mama huyo alibeba jembe kwenda kulima vibarua kwenye mahindi ya watu.

Msimu huu alijiandikisha apate mbolea ya ruzuku, ile ambayo serikali hulipia sehemu ya bei. Akauza nguruwe wake, akalipia sehemu iliyobaki. Kisha akaona si vizuri Daimu asikie kwa watu. Akamfuata mashineni.

"Kaka Daimu, mwaka huu mbolea ninayo."

Maneno yalimtoka kwa shida. Alipofiwa na mumewe, ni Daimu huyuhuyu aliyetoa gari la kubebea jeneza.

Daimu alijipangusa pumba mabegani. "Alhamdulillahi, mama Violeth. Ila mmepata wote, na mtavuna wote. Bei mtaiona."

Alisema kweli. Mpunga ulikubali bonde zima, na bei ikaporomoka magunia ya kwanza yalipofika barabarani. Majirani wengi waliuza hivyohivyo, shida za nyumbani hazikuwapa nafasi. Emerensiana aliwaza sana. Akiuza sasa, nafuu yote aliyoipata kwenye mbolea ingeishia kwa mnunuzi. Akahamishia kitanda sebuleni, magunia akayapanga chumbani hadi karibu na dari.

"Mama," binti yake Violeth alilalamika, "tunalala na mpunga, halafu tunakula ugali?"

"Kula, mwanangu. Ule haujafika wakati wake."

Baridi ikapita. Mchele ulipoanza kuadimika sokoni, alikodi guta, akapeleka magunia kwa Daimu.

"Nikobolee, kaka. Mchele naondoka nao."

Daimu aliyatazama magunia, kisha akamtazama yeye. "Bei ya kukoboa ni ileile ya kila mtu. Sikupunguzii."

"Wala sijaomba."

Wote wawili wakacheka, na Emerensiana akahisi kifua kimekuwa chepesi.

Mchele aliuuza mjini, mwingi kwa walimu. Hakutajirika. Lakini mwaka huo hakulima kibarua cha mtu. Siku zile alizibua mifereji ya majaruba yake mwenyewe. Na katika faida yake, cha kwanza alichotenga kilikuwa cha mbolea ya msimu ujao, bei kamili.

"Kwani ruzuku si ipo?" Violeth aliuliza.

"Ikija mapema, tutashukuru," alisema mama yake. "Ikichelewa, miche haitaisubiri."